Kaka ananiuzia haibridi yake, nikitaja fundi aikague ananuna

Mjomba shikamoo,

Nimesoma majibu yako kwa wengine muda mrefu ila sikuwahi kufikiria kama na mimi siku moja nitaandika, tena kuhusu gari, ila hii gari sasa imegeuka ugomvi wa ukoo na usiku silali vizuri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, na kila siku naendesha. Gari niliyonayo ni ndogo ya petroli, imezeeka, na kila mwezi lazima ipeleke pesa gereji. Nimeweka akiba miaka mitatu ili nibadilishe. Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa akanipigia, akasema anauza ile SUV yake ndogo ya haibridi, zile zinazotumia petroli na umeme, ya mwaka 2017, imetembea kilomita 118,000, na badala ya kumpa mtu baki kaona aniuzie mimi kwa bei ya undugu. Aina sitaitaja maana watu wa nyumbani wakisoma watajua ni sisi, ni ya Kijapani tu, ina betri kubwa chini ya siti ya nyuma. Kweli bei ni nzuri Mjomba, nimeulizia kwingine gari kama ile iko juu zaidi.

Nilifurahi sana, kusema kweli nililia. Baba alifariki nikiwa sekondari na huyu kaka ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza chuo. Hajawahi kunidai wala kunisimanga hata siku moja.

Sasa nikaenda kuiona. Gari ilikuwa imesimama kama miezi mitano kwa sababu kaka alihamishwa kikazi, huko anatumia gari ya ofisi, kwa hiyo siku ile ikabidi aibusti kwa betri ya gari ya jirani ndio ikawaka. Tukazunguka dakika kama ishirini. Inatembea kimya, imeinuka, unaona barabara vizuri, nikaipenda palepale. Ila kuna vitu viwili vilinikaa kichwani. Cha kwanza, nyuma kulikuwa na sauti ya feni inapuliza kwa nguvu kama mashine ya kukaushia nywele, na huko nyuma kumejaa viti vya watoto na mablanketi yao hata sikuona inatokea wapi. Cha pili, vile vibaa vya betri kwenye dashibodi vilikuwa vinapanda na kushuka harakaharaka, tukipanda mlima mara vimebaki viwili, tukishuka kidogo tu vimejaa. Nikamuuliza kaka, akasema haibridi ndivyo zilivyo, na kwamba yeye ni sevisi ya oili tu kila wakati na hata breki pedi hajawahi kubadilisha tangu ainunue, hiyo ndiyo raha yake.

Nikamwambia basi nimlete fundi aiangalie halafu tumalizane. Mjomba, uso ulibadilika. Akasema, "Mimi nikuuzie gari mbovu wewe?" Akanyamaza siku mbili hapokei simu. Baadaye wifi akanipigia kwa upole ila maneno yalikuwa na miiba. Mama naye akaniambia, "Alipokulipia ada hakukupeleka kwanza kupimwa kama una akili." Hapo nikakosa la kusema kabisa.

Mume wangu upande wake hataki hata kusikia haibridi. Anasema haibridi ni betri, betri ikifa umenunua kabati. Anataka tuchukue ya petroli ya kawaida kutoka kwa muuzaji tusiyemjua, ikisumbua tunagombana na mtu baki. Mimi nataka hii kwa sababu kaka kaniambia inakula nusu ya mafuta ninayotumia sasa. Nyumbani hadi kazini ni kilomita 11 na foleni asubuhi na jioni, shule ya watoto iko kama kilomita 2, na kila baada ya wiki chache tunasafiri kilomita 280 kwenda kumuona mama.

Naomba unisaidie, SUV ya haibridi iliyotumika inafaa kweli kwa matumizi ya kila siku, na nitaikaguaje bila kumkosea kaka? Au ninyamaze tu nilipe?

Ni mimi,
Kitindamimba

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa kukosa usingizi. Nimeisoma barua yako mara mbili maana mara ya kwanza nilicheka kwa hilo neno la mama yako na nikasahau kilichotangulia.

Nikikuelewa vizuri umeleta mambo mawili umeyafunga furushi moja, kuna gari na kuna kaka, na kwa vile yamefungwa pamoja basi kila ukigusa gari unamgusa kaka. Gari ina dalili mbili unazotaka kuzielewa, ila kuuliza tu kumesikika kama kumwita mwizi mtu aliyekulea. Kwa upande mwingine mumeo anaogopa betri, na wewe unaipenda gari kwa sababu ya nusu ya mafuta. Naomba tulifungue hilo furushi polepole, na nianze na gari maana ndiyo rahisi.

Hujaniambia aina na sababu nimeielewa, ila ujue aina ina maana kubwa sana hapa. Watu wanasema "haibridi" kama vile ni kitu kimoja, wakati ndani hazifanani. Toyota kama RAV4, Harrier na C-HR zinatumia giaboksi ya seti za gia na mota za umeme, haina mkanda wala klachi za kuchakaa, na ndiyo maana mafundi wengi wanaisifia. Honda Vezel ya haibridi ya kwanza, iliyotoka mwishoni mwa 2013, ina injini ya 1.5 na giaboksi ya klachi mbili, na mwaka 2014 peke yake ziliitwa kiwandani zaidi ya mara moja kurekebishwa programu, kwa hiyo ukiwa na ya aina hiyo swali la kwanza ni giaboksi kabla hata ya betri. CR-V ya haibridi ni nyingine tena, injini muda mwingi kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Nissan X-Trail ya haibridi ya kizazi cha 2015 ina giaboksi ya mkanda, na mkanda unataka oili yake ibadilishwe. RAV4 za kuanzia 2019 zenye mota ya nyuma zina tatizo linalojulikana la waya wa umeme mkubwa kuota kutu kwenye kiunganishi chake huko nyuma chini, hasa sehemu ambazo chumvi inamwagwa barabarani wakati wa barafu. Unaona? Fundi ukimpa jina la gari anajua aanzie wapi. Ukimwambia haibridi tu, atafungua boneti atikise kichwa.

Sasa hiyo hofu ya betri ya mumeo. Si hofu ya kijinga, ila imevimba kidogo. Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na SUV ya kwanza ya haibridi, Ford Escape, ikaingia sokoni Marekani 2004, kwa hiyo hii teknolojia si mtoto tena, na ziko nyingi zimetembea zaidi ya kilomita 300,000 na betri ya kiwandani. Wenye kiwanda wenyewe hawaiogopi kama tunavyoiogopa sisi, maana kwa Marekani Toyota walikuwa wanatoa dhamana ya betri ya miaka 8, na kuanzia magari ya 2020 wakaipandisha miaka 10. Betri ya haibridi pia si sawa na ya gari la umeme tupu, ni ndogo sana, ya RAV4 ni kama kilowati-saa 1.6 hivi, na mara nyingi imeundwa kwa vipande vingi vidogo vilivyopangwa mfululizo. Mara nyingi kinachokufa ni kipande kimoja au viwili, si betri nzima. Hapo ndipo neno la kabati linapopungua nguvu, ila halipotei, maana ukibadilisha kipande kimoja kwenye betri iliyozeeka vile vingine vizee navyo vinaanza kufuata kimoja kimoja, leo hiki, baada ya miezi kile. Kwa hiyo mumeo yuko sahihi kwamba betri ni gharama. Pale ninapomuuliza ni hapa: je, injini na giaboksi ya hiyo petroli ya mtu msiyemjua mmezipigia hesabu? Maana nazo zinakufa, ila kwa sababu tumezizoea hatuziiti kabati.

Nirudi kwenye zile dalili zako mbili, na hapa nataka kwenda taratibu kwa sababu ndipo roho yako ilipo.

Vibaa kupanda na kushuka. Kwanza ujue kwamba kompyuta ya haibridi haiachi betri ijae kabisa wala iishe kabisa, inaichezesha katikati ili isichakae, kwa hiyo vibaa kucheza ni kawaida. Kisicho kawaida ni kasi. Betri yenye afya unaipandisha mlima inapungua kwa hatua, unashuka inajaa kwa hatua. Ikiwa dakika moja iko viwili na dakika inayofuata imejaa, kwa lugha ya gereji tunasema betri imekuwa kikombe kidogo, inajaa upesi kwa sababu hakuna nafasi ndani, na inaisha upesi kwa sababu hiyohiyo. Hiyo ni dalili halisi na hukukosea kuiona.

Lakini kumbuka gari ilikuwa imelala miezi mitano. Betri za haibridi, hasa hizi za nikeli zilizoko kwenye Toyota nyingi, zikikaa bila kutumika zinapoteza chaji zenyewe na vile vipande vinaachana, hiki kiko juu kile kiko chini, na kompyuta nayo inachanganyikiwa haijui hesabu ya kweli ni ipi. Juu ya hapo gari imebustiwa, yaani ile betri ndogo ya volti 12 imekufa au inakaribia, na haibridi yenye betri ndogo dhaifu inaweza kukuonyesha maajabu ya kila namna kwenye dashibodi. Kwa hiyo ulichokiona siku ile kinaweza kuwa betri kubwa inayochoka na kinaweza kuwa gari iliyoamshwa usingizini. Dakika ishirini hazitoshi kutofautisha. Hata mimi nikiwa pale na wewe nisingejua.

Ya feni sasa, hii kwangu ndiyo iliyonivutia zaidi. Umesema betri iko chini ya siti ya nyuma na huko nyuma kumejaa viti na mablanketi ya watoto. Mpwa wangu, kwenye gari nyingi za namna hiyo betri inapozwa na hewa ya humuhumu ndani, inavutwa na feni kupitia tundu lililoko pembeni au chini ya siti ya nyuma, na hilo tundu mara nyingi lina kichujio chake. Blanketi likikaa pale, au kichujio kikijaa vumbi na nyuzi, betri inapata joto na feni inaanza kupiga kelele ikijaribu kuokoa. Joto ndilo adui mkubwa wa hizi betri kuliko hata kilomita. Na kaka yako amekwambia sevisi yake ni oili tu. Sidhani kama alikudanganya, nadhani hajui kama kuna kichujio huko. Wenye haibridi wengi hawajui, mpaka taa iwake.

Na hapa ndipo naomba nikuulize kitu kuhusu lile unalolichukulia kwamba liko wazi. Umeandika kana kwamba kuna mambo mawili tu, ama kaka ni mwaminifu basi gari nzima, ama gari ina kasoro basi kaka anaficha. Mbona kuna la tatu, kaka ni mwaminifu kabisa na gari ina kasoro asiyoijua? Kwa gari ya petroli ya zamani mwenyewe alikuwa anasikia, inakohoa, inatoa moshi, inagonga. Haibridi inaumwa kimya. Kompyuta yake inafidia, betri ikichoka injini inafanya kazi zaidi, na dereva anaona tu mafuta yameanza kupungua haraka, analaumu foleni. Ukimwambia kaka "nataka fundi aone kama umeniambia ukweli" bila shaka atanuna. Ukimwambia "kaka hii gari hata wewe hujui ndani ikoje, hebu tuijue wote" hayo ni mazungumzo mengine. Sikuhakikishii kwamba atakubali. Nasema tu bado hujamuuliza hilo.

Hata breki pedi anazojisifu nazo ni mfano uleule. Ni kweli pedi za haibridi zinadumu kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kusimamisha gari huku ikirudisha umeme kwenye betri. Ila breki isiyofanya kazi inaota kutu, pini za kalipa zinakauka na kushika, na gari ikisimama miezi mitano ndiyo kabisa. Kutobadilisha pedi kwake ni fahari, kwangu ni sababu ya kuvua tairi zote nne niangalie.

Ile nusu ya mafuta nayo tuigeuze kidogo. Haibridi inaokoa pale unaposimama na kuondoka, kwa hiyo hizo kilomita 11 za foleni ni mahali pake hasa. Kilomita 2 za shule asubuhi na mapema ni hadithi nyingine, injini ikiwa baridi lazima iwake ijipashe moto, na kabla haijapata moto vizuri umefika, kwa hiyo hapo usitegemee miujiza. Safari ya kwa mama ukienda mwendo mkubwa muda wote, faida inapungua sana maana hakuna breki za kurudisha umeme na SUV inapasua upepo mwingi kuliko kagari kako. Na kaka anaposema nusu, nusu ya nini? Unatoka kwenye gari ndogo kwenda gari kubwa. RAV4 ya haibridi ya 2019 kwa vipimo vya Marekani inapata kama kilomita 17 kwa lita, ambayo kwa SUV ni ajabu, ila gari ndogo nzima ya petroli barabara ndefu haiko mbali sana na hapo. Chukua wiki mbili uandike unachotumia sasa, jaza tenki mpaka juu, tembea, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Bila hiyo namba unapendana na maneno.

Sasa njia ulizonazo. Kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kurudi kwa kaka na ombi la ukaguzi lililobadilishwa sura. Fundi mnamchagua wote wawili, awe mtu anayezijua haibridi kweli, si fundi wako wa kumkamata kaka, gharama unalipa wewe, na karatasi ya majibu inakwenda kwa kaka kwanza. Kinachotafutwa si kingi. Mashine ya kupimia isome kompyuta zote, si ya injini tu, maana kodi, yaani namba za hitilafu, za betri kubwa kama P0A80 zinakaa kwenye kompyuta yake. Aangalie volti za kila kundi la vipande huku gari inatembea, ikipanda na ikishuka, yote yanatakiwa kwenda pamoja kama askari, likibaki moja nyuma kila mara ukikanyaga basi hapo pana ugonjwa. Kuna programu za simu kama Dr. Prius zinazofanya hivyo kwa Toyota ukiwa na kile kifaa kidogo cha kuchomeka. Aangalie pia gari imetembea kilomita ngapi tangu kodi zifutwe, ila usilishike hilo kama ushahidi wa hila, kuchomoa betri ndogo nako kunaweza kufuta baadhi ya kumbukumbu. Kopo la maji ya kupoza inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, ambalo kwenye nyingi liko peke yake mbali na la rejeta, liwe na maji safi. Zulia liinuliwe na mikanda ivutwe mpaka mwisho kuona kama kuna alama ya tope, maana betri iliyo chini ya siti na mafuriko havipatani kabisa. Tairi zisomwe ule mwaka wake, namba nne za ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na mwambie fundi asiguse nyaya za rangi ya chungwa kama hajasomea, pale kuna zaidi ya volti 200. Mwiba wa njia hii ni kwamba kaka anaweza kukataa hata hivyo, na ukishaomba mara ya pili huwezi kurudisha maneno.

Unaweza pia kumuomba kuitumia. Gari imelala na inaharibika kwa kulala, mwambie kaka niachie wiki mbili niiendeshe, niweke betri ndogo mpya, iamke. Hiyo unamfanyia yeye hata kama hutanunua. Baada ya wiki mbili za foleni zako na safari moja kwa mama utajua zile vibaa zimetulia au bado zinaruka, utajua feni, utajua mafuta, na watoto watakuwa wamekaa nyuma umeona kama wanatosha. Mimi hii naipenda, nakubali, ila isikudanganye, ikikufia mikononi siku ya nane itakuwa imeharibiwa na nani? Hilo mliseme kabla ya funguo, si baada.

Au ulipe bila kukagua. Sikucheki kwa hilo, kuna watu wamelipa deni la shukrani kwa njia hiyo na wakalala usingizi. Ila basi ilipe kama vile betri imekwisha, yaani ulizia leo betri ya gari hiyo inauzwaje, mpya, iliyokarabatiwa na ya kutoka gari bovu, weka hiyo pesa pembeni, jumlisha na bei ya kaka. Bado ni nafuu kuliko za kwingine? Kama ndiyo, una nafasi ya kupumua. Kama siyo, bei ya undugu si nafuu kama ulivyodhani. Mwiba wake unakaa moyoni, siku taa ikiwaka utamwangalia kaka vipi kwenye sherehe ya familia? Mimi niliwahi kununua gari kwa rafiki yangu bila hata kuinua boneti kwa sababu niliona haya, ikanisumbua mwaka mzima, na sikumwambia hata neno moja. Tuliacha kuongea bila kugombana. Yeye mpaka leo hajui sababu.

Njia nyingine ni kuandikiana. Sehemu unalipa sasa, sehemu baada ya miezi mitatu ikiwa betri iko sawa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kadi ya gari ibadilishwe jina hata kama ni kaka. Ila madeni ya ndugu yana tabia ya kukaa mezani wakati wa kula, sijui kwenu yakoje, kuna familia zinaweza na kuna zisizoweza. Na kuachana nayo kabisa ukachukua ile ya mumeo ni njia pia, si usaliti, ingawa mama atakununia. Hiyo nayo lakini itahitaji fundi uleule, maana mtu baki mnayeweza kugombana naye si dhamana, mara nyingi hata simu hapokei.

Kuhusu neno la mama sina dawa. Ila nikuulize, hiyo ada unaidaiwa na nani? Umeandika mwenyewe kwamba kaka hajawahi kukudai hata siku moja. Inawezekana deni unalolilipa kwa hii gari hakuna aliyekuandikia, na yeye mwenyewe angeshtuka kusikia kwamba ulinunua gari ili umalizane naye. Na kitu kingine ambacho kwenye barua yako sikukiona, je, umewahi kumuuliza anauza kwa nini sasa? Gari imekaa miezi mitano, ghafla inataka kuuzwa, kwa bei ya chini, na akiulizwa kidogo anaumia hivyo. Inawezekana ni jambo dogo tu. Inawezekana pia anahitaji pesa na anaona aibu kukwambia wewe mdogo wake, na "fundi" kwake ilisikika kama wiki mbili za kuchelewa. Mtu aliyezoea kutoa hajui kuomba. Sisemi ndivyo, nasema sijui na wewe hujui, na simu moja isiyotaja gari kabisa inaweza kukwambia mengi kuliko mashine ya fundi.

Mumeo naye usimwache nje. Anasema kabati, ila nahisi anachosema ni kwamba hataki gari itakayomfanya awe mdeni wa shemeji yake pia. Muulize taratibu.

Kama unataka pa kuanzia pasipo na maneno makubwa, anzia kwenye ile feni. Nenda siku ya mapumziko na watoto, toa yale mablanketi, mwambie kaka umesoma mahali kwamba huko nyuma kuna kichujio na feni imekusumbua masikio. Fungueni kitabu cha gari mtafute kilipo, gari ikiwa imezimwa kabisa, kwenye nyingi ni kifuniko cha plastiki cha vibanio tu na hakuna nyaya za chungwa karibu, mkiona nyaya hizo basi mmepotea, rudisheni. Mkikitoa usikipige vumbi haraka, mwache akishike yeye mwenyewe kwanza akione kilivyo. Halafu niandikie kilikuwaje.